Wageni wa Kisanduku

Jumatano saa tisa alasiri, Beverlyne alianika soksi dirishani, akamwacha mpenzi wake Momanyi kitandani na simu yake, akashuka ngazi za hosteli kwenda kuchukua kondomu. Kisanduku kilipigiliwa ukutani mlangoni, hakikuwa na kufuli, na chuo kilikijaza bure.

Tatizo la kisanduku hicho lilijulikana. Ukichukua pakiti, mzazi wako anatokea. Hatokei ndotoni; anatokea mwenyewe, na alichokuwa ameshika. Mwezi uliopita babake Momanyi alitokea kutoka Nyansiongo na kamba ya ng'ombe, akazungumza na mwanawe kuhusu mvua kwa dakika nne, akarudi kukamua. Mlinzi, Mzee Okemwa, aliwawekea wazazi benchi na kitabu cha wageni.

Beverlyne aliapa hatajali. Alikuwa mwaka wa tatu, akisomea takwimu, na alikuwa amemwambia Momanyi kwamba bila kinga hakuna kitu. Akaingiza mkono, akashika pakiti.

Mamake, Drusilla, akawa amesimama pale na kikapu cha chai mgongoni, vidole vyeusi, gamboti zikiwa na tope la Nyamache.

"Mama."

"Eeh, mwanangu."

Wakatazama ukuta. Kwa Wakisii mambo ya kitandani hayatajwi kati ya mzazi na mtoto. Heshima hiyo huitwa chinsoni, nayo ilikuwa imekuja pamoja na kikapu. Drusilla akafungua mdomo. Beverlyne alijua kinachokuja: mama mdogo Bathsheba, ambaye mazishini ilisemwa aliuawa na nimonia, na ambaye vidonge vyake vya ARV vilifichwa kwenye debe la unga. Maneno yalifika hadi kwenye meno ya Drusilla, yakageuka.

"Umekula?"

"Bado."

Akatoa ndizi mbivu sita chini ya majani ya chai. Ili kuzipokea kwa mikono miwili, jinsi alivyolelewa, ilibidi Beverlyne airudishe pakiti. Akairudisha. Drusilla akatia sahihi kitabuni, na kwenye sababu ya ziara akaandika, kama wazazi wote, "Kusalimu". Kisha hakuwepo tena. Kule Nyamache, mizani ya kituo cha kununulia chai hufungwa saa kumi.

"Mzazi wa jana alileta viazi vibichi," Mzee Okemwa akasema, akipokea ndizi yake. "Msichana apike wapi?"

Juu ya kisanduku palikuwa na tangazo la mkuu wa wanafunzi, Bwana Nehemiah Ochoki, akiwapongeza kwa maadili mema: tangu Januari hakuna pakiti hata moja iliyopungua.

"Umeleta?" Momanyi akauliza chumbani.

"Mama alikuja."

"Aki pole. Yuko poa?" Akamenya ndizi. "Lakini Bev, kwani iko nini? Niangalie. Mimi ni mtu amekonda?"

"Twende tupimwe kwanza."

"Wapi? Nesi wa hapo kliniki ni shangazi yangu."

Hilo halikuhitaji kuelezwa. Beverlyne akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwangalia kama alivyoombwa. Mashavu yalijaa, meno yalikuwa meupe, ngozi ilikuwa safi. Kwenye picha ya harusi, mama mdogo Bathsheba alikuwa na mashavu kama hayo.

Akala ndizi yake yote. Ilikuwa tamu sana. Akaliweka ganda dirishani kando ya soksi, akainuka, akafunga mlango kwa ndani.