Kumsitiri Khamis

Simu ya kwanza Jumatatu ile ilikuwa ya Déborah, na Amne alijua kabla hata hajaipokea kwamba mambo yameharibika. Déborah si mtu wa kupiga simu kabla ya chai.

"Mama Amne, bonjour. Mail haiko naingia. Tangu jana, hata moja. Ni kwangu tu ao ni kwa bote?"

"Ni kwa wote, dada. Ninahangaika nayo tangu alfajiri."

Déborah, Mkongo wa Bukavu, alikuwa mkuu wa shirika dogo la kuwapokea wakimbizi pale Fairfield, magharibi ya Sydney. Amne, mzaliwa wa Tanga, alikuwa fundi wao wa kompyuta. Wikiendi ile alikuwa na kazi ya kuhamisha barua pepe zote za ofisi, kuzitoa kwenye seva ya zamani iliyokuwa ikivuma kabatini nyuma ya jiko la ofisi na kuzipeleka kwenye seva mpya ya kukodi. Kazi yote aliifanya mezani kwake Guildford, maana hakuwa akitoka nyumbani.

Alikuwa na sababu mbili za kutotoka. Mji ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona. Ilikuwa Septemba ya mwaka 2021, polisi wamejaa barabarani, helikopta zinazunguka juu ya mapaa, na watu wa upande ule wa Sydney wanatazamwa kama wao ndio waliomzaa kirusi na kumpa jina. Sababu ya pili ni kwamba Amne alikuwa amekaa eda. Mumewe, Khamis, alifariki mwezi wa saba kwa ugonjwa huo huo. Mashoga zake walimpigia simu kumliwaza, wakamtania kwamba safari hii serikali imeuweka mji mzima eda, hayuko peke yake. Mara ya kwanza Amne alicheka. Ulipozidi kurudiwa utani ule, alianza kuziacha simu zao zilie mpaka zinyamaze.

"Sikia," Déborah aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Katungu, mama moja ya wakimbizi yetu, iko hapa kwa simu ingine, analia. Bwana yake, ule Vénérand wa kansa ya ini, docteur anasema pengine leo, pengine kesho. Hospitali imekubali mutu moja aingie. Permission walituma kwa mail yetu, kuna form, lazima nitafsirie Katungu, asaini, tuirudishe. Bila ile, security pale chini hawamuachi apite."

"Waombe watume kwenye barua pepe yako ya nyumbani."

"Niliomba. Mambo ya mugonjwa hawatumi kwa Gmail ya mutu. Niliomba tena, niliomba na machozi. Wanasema policy."

Amne alifunga macho. Barua ile haikuwa imepotea, hilo alilijua. Barua zote zilizotumwa tangu Jumapili zilikuwa zimepanga foleni njiani, zikisubiri mlango wowote ufunguliwe. Lakini seva mpya ilikataa kupokea, kwa sababu kuhama kulikwama katikati. Dawa ilikuwa moja tu: kurudi nyuma. Kuachana na mpya, kuiwasha ya zamani, kila kitu kikae kama kilivyokuwa Ijumaa.

"Basi rudisha ile ya zamani," Déborah alisema, kana kwamba amemsikia.

"Haiwaki, dada. Kuna sanduku moja la barua limevunjika wakati wa kuhama, nusu limebaki huku, nusu kule. Seva ikiamka inaanza kuyakagua masanduku ya watu wote, ikifika kwenye hilo inazimia."

"Ya nani?"

Amne angeweza kusema jina lolote. "La Khamis."

Khamis naye alikuwa mfanyakazi wa shirika. Ndiye aliyekuwa akiwapeleka wageni benki, shuleni, kwa daktari, na kuwaandikia barua zao usiku na mchana. Maagizo ya kuhama yalikuwa wazi, na Déborah mwenyewe ndiye aliyeyatia sahihi: masanduku ya wafanyakazi walioondoka yasihamishwe, yafutwe. Neno hilo, walioondoka, lilimchoma Amne. Walioondoka ni wale waliopata kazi nzuri zaidi mjini wakaaga kwa keki. Khamis hakuondoka, alichukuliwa na gari la wagonjwa akiwa na kandambili moja mguuni. Kwa hiyo Ijumaa, bila kumwambia mtu, Amne akalitia sanduku lake pamoja na ya walio hai.

"Mimi nililiweka," alimwambia Déborah. "Uliandika nilifute, nikaliweka. Kosa ni langu."

Déborah akasema taratibu, "Mama, ungeniambia. Ningekubali."

Maneno hayo yalimuuma Amne kuliko kama angekaripiwa.

"Na sasa? Hakuna dawa ingine?"

"Ipo. Kuna mafundi wanaoweza kulitengeneza lilivyo. Watakuja Jumatano, kwa sharti seva isiguswe kabla hawajafika. Nikitaka iwake leo, lazima nilikate hilo sanduku. Nikilikata halirudi."

"Jumatano," alisema Déborah. Wote wawili walijua Vénérand hana Jumatano. "Amne, mimi siwezi kukuambia ufute. Mungu anaona, siwezi. Nasubiri tu."

Akakata simu.

Amne alibaki na kompyuta yake na chai iliyopoa. Déborah alijua nusu ya habari. Nusu nyingine hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Siku zile Khamis yuko hospitali, Amne mwenyewe alikuwa mgonjwa, amefungiwa humu ndani. Muuguzi mmoja alimwambia kwa simu kwamba mumewe anaendelea, tena anaandika andika kwenye simu yake, hataki kupumzika. Kesho yake wakamtia mpira wa kupumulia, na hakuzungumza tena. Simu ilirudishwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ilidai namba ya siri. Amne alijaribu mwaka wa kuzaliwa, siku ya ndoa, namba ya nyumba ya Tanga, mpaka simu ikachoka naye na kujifunga kabisa. Alichokuwa akiandika Khamis kikabaki kitendawili.

Hadi Ijumaa. Alipokuwa akiyapanga masanduku tayari kwa safari, aliona kando ya jina la Khamis maandishi madogo: rasimu moja. Barua moja iliyoandikwa na haikutumwa. Tarehe yake ilikuwa ya siku ile ya yule muuguzi.

Hakuifungua. Mtu mwingine angeifungua pale pale, na sisi tungemwelewa. Lakini Amne alikuwa fundi wa barua za watu miaka mingi, na hakuwahi kufungua ya mtu hata moja. Isitoshe alitaka aifungue akishatoka eda, amejifukiza udi, amekaa kitako na amejiandaa, kama anavyokaa mtu kumpokea mgeni aliyetoka mbali. Akaona ina haraka gani? Inahamia seva mpya, huko itakaa salama. Sasa tangu alfajiri alikuwa amejaribu mara nyingi kuiokoa, na kila akiigusa mashine ilizimia.

Huenda ilikuwa barua yake. Huenda alimwandikia maneno ya kumuaga, au wasia, au utani wake wa kila siku kuhusu pilau ya Wasydney. Huenda ilikuwa ya mteja, maana Khamis alikuwa mtu wa kazi mpaka ikaudhi. Angejua Jumatano. Siku mbili tu, na angejua.

Akamfikiria Katungu. Walionana mara moja, kwenye sherehe ya ofisi kabla ya balaa hili, mwanamke mfupi aliyepakua chakula kwa watu wote na kusahau kula. Sasa alikuwa amesimama mahali fulani na simu sikioni, anasubiri kuambiwa kama ataingia.

Amne alijua kusubiri huko. Mke ana ruhusa ya kumwosha mumewe, na mama yake Amne alikuwa mwosha maiti maarufu mtaani kwao Tanga. Tangu msichana Amne alimfuata kumshikia ndoo na kumuangalia. Mama alikuwa akipima maji kwa mkono kwanza, yasiwe ya moto wala ya baridi. Alimtandikia maiti nguo juu, akaosha chini ya nguo bila kutazama, na kila alipotaka kumgeuza alimwambia kwa jina lake kwamba sasa nakugeuza, mwanangu. Na alichokiona humo ndani hakikutoka nje. Kumsitiri mtu, alisema, ndiyo heshima yake ya mwisho, na anayeosha akatangaza ni kheri asingeosha.

Khamis hakuoshwa na mkewe. Amne alikuwa karantini, mlango umebandikwa karatasi. Aliambiwa kwamba amefanyiwa tayamamu juu ya mfuko, basi. Mazishi aliyaona kwenye simu, wanaume kumi wamesimama mbali mbali na picha inakatika katika. Tangu siku hiyo mikono yake ilikuwa na deni, na hakujua ailipe wapi.

Alisimama, akaenda bafuni, akatia udhu. Akarudi, akakaa. Aliandika amri ya kuliondoa sanduku, na kama kawaida mashine ikafungua orodha upande wa juu wa kioo, kila kilichomo kwa jina lake, kimoja chini ya kingine, ili mtu aone anachokipoteza. Humo mlikuwa na siri za watu, talaka zao, maradhi yao, watoto wao waliokamatwa. Na mahali fulani humo kulikuwa na mstari wa kichwa cha ile rasimu. Kichwa tu kingetosha kumwambia ni ya nani. Macho yalianza kupanda yenyewe.

Akavuta ncha ya mtandio wake mweupe wa eda na kuufunika ule upande wa juu wa kioo. Likabaki wazi swali la chini peke yake. Mashine ilikuwa inauliza kama ana uhakika, kama mashine zinavyouliza siku zote.

"Khamis," alisema kwa sauti, na chumba kilikuwa kitupu. "Bismillahi. Nakugeuza sasa, mume wangu."

Akabonyeza.

Haikuchukua muda. Alipouondoa mtandio, orodha haikuwepo. Mikono iliendelea na kazi, kwa sababu kazi haikuwa imekwisha. Aliiwasha seva ya zamani, akaiangalia ikikagua masanduku moja moja, ikafika pale ilipokuwa ikizimia, ikapita. Akazigeuza njia za barua zielekee ilipo. Kisha foleni ikaanza kusogea, barua za Jumapili na za leo zikamiminika, mia na mia, na simu ikalia.

"Imeingia!" Déborah alikuwa akipiga kelele. "Imeingia, niko naiona! Katungu, Katungu, imeingia!" Kisha akakumbuka anazungumza na nani, akashusha sauti. "Amne. Ulifanya…"

"Mtafsirie form, dada. Asichelewe."

Siku hiyo Amne hakufanya kingine chochote. Alikaa dirishani akatazama barabara isiyo na watu. Hakulia. Alijaribu, kwa kuwa alidhani anatakiwa kulia, na hayakuja machozi wala nini.

Kesho yake mchana alipigiwa na namba asiyoijua.

"Dada Amne? Ni mimi Katungu, bibi ya Vénérand. Déborah alinipatia namba. Anasema ni wewe ulitengeneza mail."

"Ndiyo, dada. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Alienda. Leo asubuyi, mapema."

"Pole. Pole sana, dada yangu. Mungu akupe subira."

"Asante. Lakini nilikuwa pale. Walinivalisha mask na ile nguo ya plastiki, niliingia, walitaka nikae saa moja tu. Infirmière moja, muuguzi wa zamu, alifunga mulango, akasema yeye hajaona saa." Katungu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Alikuwa na jasho mingi kwa uso. Ile infirmière alinipatia basini ya maji na kitambaa. Nilimupangusa. Uso, shingo, mikono, na miguu pia. Nilimuambia, Vénérand, sasa nashika mukono yako, sasa nashika muguu. Alikuwa anasikia. Najua alikuwa anasikia."

Amne alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Dada," alisema, "nisamehe kukuuliza. Maji yalikuwaje?"

"Maji?"

"Yalikuwa ya baridi?"

"Hapana," Katungu akamjibu, pole pole, kama anayemtuliza mtoto. "Ilikuwa ya uvuguvugu. Nilijaribu kwanza na mukono yangu."

Hapo ndipo Amne alipolia, na Katungu, mfiwa wa siku ile, akabaki kwenye simu akimbembeleza.