Majina Matatu Mekundu

Boke aliandika programu yake kwa sababu pale Kemambo kila jiwe lilikuwa na wa kulihesabu, lakini watu waliolishukia hawakuwa na wa kuwahesabu. Tangu dhahabu ionekane, kila mwenye nyundo alijitosa shimoni, na mkewe ndiye aliyejua kama amerudi.

Kikundi chao kilikuwa na mashimo mawili, Duara la Kwanza na Duara la Pili. Toleo la zamani la programu lilikuwa kwenye simu za makarani wawili, kila mmoja mdomoni mwa duara lake. Toleo jipya lilikuwa kwenye simu ya Boke, chini ya turubai katikati. Yote mawili yalikuwa yanajaribiwa wiki hiyo.

Saa tisa alasiri zamu ilikwisha. Sylvester, fundi baruti, alikuwa ameshatega chini na kuvuta nyaya zake hadi juu. Simu ya Boke ilisema wote wametoka. Ya Tabitha, karani wa Duara la Pili, ilikuwa na majina matatu mekundu, ya watu ambao hawajatoka: Method, Okal, Werema.

"Method si huyu hapa anatafuna andazi?" Sylvester alifoka. "Na Okal si yule ananawa miguu? Hiyo simu imezeeka, Tabitha. Wacha nilipue."

"Na Werema?"

"Atakuwa kaenda mtoni kuoga."

"Mzee Sylvester, nipe dakika kumi," Boke alisema.

"Za nini, binti yangu?"

"Nataka kujua kwa nini hizi simu zinabishana."

Ukweli ni kwamba hata yeye hakuwa na hofu bado. Alikuwa anawashwa tu, maana yeye kuona vitu viwili vinavyopingana na kuviacha hivyo hivyo hakuwezi. Alifungua kompyuta akayapanga matoleo yake mawili ubavu kwa ubavu.

Toleo la zamani alikuwa amelijenga kama mji wa baba yake kule Nyanungu, wenye wake watatu, kila mke na nyumba yake na watoto wake. Kila duara lilikuwa nyumba. Aliyeingilia Duara la Pili alikuwa wa huko, na karani wa Duara la Kwanza hakuwa hata na jina lake. Toleo jipya lilivunja kuta hizo. Watu wote walikuwa kwenye orodha moja, na duara likabaki neno dogo mbele ya jina: kaingilia wapi, katokea wapi. Boke alilibadilisha baada ya maduara kutoboana chini kwa chini na watu kuanza kuingilia huku na kutokea kule.

Kwa hiyo Method na Okal walieleweka. Toleo jipya lilisema wametokea Duara la Kwanza, ndiyo maana la zamani liliendelea kuwasubiri la Pili. Boke alitabasamu, akajisifu kidogo, akashuka kwenye orodha hadi jina la Werema.

*Ametokea: Duara la Pili.*

Tabasamu likakauka. Kama Werema alitokea la Pili, alipita mbele ya Tabitha, na simu ya Tabitha ingejua. Na Tabitha hakubanduka pale hata kwenda kunywa maji.

Alikumbuka sauti yake mwenyewe akiita majina. "Mseti?" "Nipo." "Werema?" Na sauti ile ile ya Mseti: "Yupo."

Mseti na Werema walikuwa wa mama mmoja. Kwao, kama kwa kina Boke, baba akiita watoto jioni, mkubwa wa nyumba huitikia nyumba nzima. Boke alilelewa hivyo. Alisikia "yupo" akabonyeza duara lile lile la Mseti, asiinue hata macho.

"Mseti! Werema umemwona wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu," Mseti alisema. Kisha akageuka kuangalia nyuma yake, kana kwamba ndugu yake angali amesimama pale.

Sylvester aling'oa nyaya kwenye betri akazifunga kiunoni, na mzee yule mwenye magoti mabovu akashuka yeye mwenyewe. Boke alisimama mdomoni mwa duara. Alijichukia kwa lile tabasamu.

Sylvester alimkuta pale maduara yalipotoboana, amejipinda ukutani akigonga mshipa wa mawe mazuri aliouona peke yake. Nyundo yake ilikuwa imemziba masikio. Alipotoka, mweupe kwa vumbi, Mseti alimpiga kofi, kisha akamkumbatia akalia mbele ya watu.

Boke alifuta majibu yote akaanza kuita upya.

"Mseti?"

"Nipo."

"Werema?"

Mseti alifungua mdomo, akauziba kwa kiganja. Werema akashangaa wote wanamtazama yeye.

"Nipo," alisema.

Boke aliinua macho, akamtazama usoni, ndipo akabonyeza.