Ndizi za Sihaba na Luhaga

Luhaga alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, mwaka tisini na tano, alikuwa amekagua vitambaa kwa miaka kumi na tisa. Uzi mmoja ukikatika kwenye jora zima, jicho lake liliuona. Lakini jicho hilo halikumfaa kitu alipoanza kuuza ndizi mbivu kwenye soko la Kirumba. Alizinunua bandarini, meli ya Bukoba ikifika, zikiwa za kijani, hazina doa. Siku ya tatu zilikuwa na mabaka meusi kama zimechapwa fimbo. Nyumbani mkewe Rose aliwalisha watoto zilizokataliwa, mpaka wakazikimbia.

Meza ya jirani ilikuwa ya Sihaba, mama mtu mzima aliyeuza ndizi tangu enzi za foleni za sukari. Asubuhi moja Luhaga alimwamkia, "Shikamoo, mama," akaanza kushusha mzigo wake kutoka kwenye mkokoteni.

"Marahaba. Ngosha," alimwita kama wanavyoitwa wanaume wa Kisukuma, "hebu ngoja." Sihaba alipapasa ndizi za chini. "Umezilaza kwenye mbao tupu, na nyingine juu yake. Unadhani ndizi mbichi ni jiwe? Inaumia leo, inaonyesha kidonda keshokutwa."

Akamfundisha. Mkokoteni utandikwe majani makavu ya mgomba. Vichana vikatwe kwa kisu kikali, vilazwe safu moja, migongo juu. Zilizoiva zitengwe na mbichi, la sivyo zote zitaiva kwa mkupuo. Baada ya wiki mbili meza ya Luhaga ilikuwa ya manjano tupu, na wateja wakaongezeka.

Siku moja akamsikia mteja akifoka kwenye meza ya Sihaba. "Mama, ndizi gani hizi? Nyeusi!" Sihaba alikisogeza kichana mpaka kikakaribia kugusa pua yake. Hapo Luhaga akaelewa.

Mteja alipoondoka, alimuuliza polepole, "Mama, macho yana shida?"

Sihaba alikirudisha kichana mezani. "La kushoto limezimika tangu Ramadhani. La kulia lina ukungu. Mkono unajua iliyolainika, haujui rangi. Usimwambie mtu, mwanangu. Wakijua kule bandarini, watanibambikia mbovu zote."

Luhaga alirudi kwenye meza yake. Mteja yuleyule alikuwa amesimama pale akimsubiri. Alimuuzia, lakini moyo ukamsuta siku nzima. Wangapi wengine aliowafurahia walikuwa wametoka kwa yule mama?

Asubuhi iliyofuata alimfuata Sihaba kabla hajapanga meza. "Mama, twende bandarini pamoja. Mimi nitazame, wewe upapase."

"Unanihurumia?"

"Wateja wako wanahamia kwangu. Naona aibu."

Sihaba alimgeukia, akakunja uso kama anayejaribu kumwona vizuri, kisha akafunga upya kilemba chake. "Basi tuwahi. Wenzetu wakishachagua, tutaachiwa makombo."

Mwezi huohuo wakaziunganisha meza. Jicho la kulia halikupona, ila Sihaba aliendelea kuuza.