Inama!

Fundi alikuwa ameapa mara mbili, kwanza kwa kocha, kisha kwa mdogo wake, kwamba safari hii hafungui mdomo. Waliomfahamu waliposikia walicheka mpaka wakashika mbavu. Huyu mama mshona nguo alikuwa na sauti ya kuita mteja ng'ambo ya barabara huku cherehani inanguruma, wala hakuhitaji kusimama. Kumwambia anyamaze bintiye akiwa uwanjani ilikuwa kumwonea tu. Lakini kiapo ni kiapo, na sababu ilikuwepo.

Mwaka uliopita, kwenye mashindano ya taifa ya kuruka viunzi, binti yake alikuwa anaongoza. Binti mwenyewe ni mrefu, miguu yake utadhani inaanzia kwapani, mtaa mzima unamwita Twiga na yeye anaitika. Alikuwa amewaacha wenzake, kimebaki kiunzi kimoja tu, mama mtu akakiona kile kiunzi kimekuwa kirefu ghafla. Akapaza sauti: "Angalia!"

Yeye alikuwa na maana ya jihadhari. Twiga, mtoto mtiifu jamani, akaangalia. Aligeuza shingo kutazama mama anamwonyesha nini, na kiunzi kikampokea. Alikula mwereka ambao mpaka leo kuna watu sokoni wanausimulia kwa mikono na miguu.

Kesho yake kocha alikuja dukani. Duka la Fundi lina mlango wa chuma wa kukunjwa juu, nao ulikwama zamani, haupandi hadi mwisho. Kocha aliingia kwa hasira zake, kichwa mbele, ngo! Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia ainame, lakini mwenzake hakuwa na mazoea. Twiga yeye hagongi kamwe. Tangu alipoanza kurefuka, kila akirudi mbio kutoka shule au mazoezini, mama yake humpigia ukelele kutoka kwenye kiti cha cherehani, macho yakiwa bado kwenye sindano: "Inama!" Na Twiga huinama, huku anaongea, huku anakula, huku anacheka na simu.

"Mama, mimi nakuheshimu sana," kocha alisema akijishika paji la uso. "Lakini ukitaka mwanao apate medali, huo mdomo ukunje uuweke kwenye droo."

"Jamani, hata vigelegele?"

"Hata chafya, mama."

Basi ndiyo wakafika huko kwenye mashindano ya dunia, nchi ya watu, uwanja mkubwa unaokufanya ujione sisimizi. Twiga alikuwa ameingia fainali, ila kwa tundu la sindano. Katika nusu fainali aliruka vizuri kuliko wote, halafu akafika kwenye mstari wa mwisho wima, kifua nyuma, kama askari wa gwaride. Wenzake walijitupa mbele. Katika mbio hizi anayehesabiwa ni aliyetanguliza kifua, na wawili aliokuwa mbele yao walimpita hapo hapo kwa upana wa kidole. Ilibidi picha itazamwe ndipo jina lake likaonekana, la mwisho kabisa katika waliofuzu.

"Mwaka mzima namwambia ainamishe kifua," kocha alilalamika, akizunguka chumbani hotelini kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Nimembembeleza, nimemfokea, nimemfungia utepe. Ananijibu akiinama anaona anaanguka. Tangu ule mwereka. Kesho akimaliza wima, medali aisahau."

Fundi aliinamia kitambaa alichokuwa anakipiga pindo. Tangu ule mwereka. Na mwereka uliletwa na nani? Roho ilimuuma. Alitamani arudishe lile neno kooni, alimeze na maji.

Siku ya fainali walikaa karibu kabisa na mstari wa kumalizia, safu ya tatu, tikiti za familia. Mdogo wake Fundi, ambaye Twiga anamwita mama mdogo, ni muuguzi, mtu wa maskhara, na alikuwa amepewa kazi rasmi ya kufinya.

"Ukifungua mdomo tu, nakufinya," alisema. "Nimekata kucha zote nikabakisha hizi mbili kwa ajili yako."

"Nimesema sifungui."

"Ulisema hivyo kwenye harusi yangu pia." Kisha akanyoosha shingo. "Ah, sasa hili bomba la nini? Wametuwekea kizuizi mbele ya macho kabisa. Mimi namwona kila mtu nusu."

Kweli, mbele yao palipita bomba la chuma la kuzuia watu wasishuke uwanjani, na kutoka pale walipokaa lilikatiza juu ya mstari wa mwisho. Fundi hakujali. Alikunja kile kitambaa chake, akakitia mdomoni, akauma.

"Mungu wangu," mama mdogo alisema, "umefanana na mzigo wa posta."

Wakimbiaji wakaitwa. Uwanja ukanyamaza. Twiga alichuchumaa kwenye njia ya pembeni kabisa, ile iliyo karibu na jukwaa lao, magoti juu, kichwa chini. Fundi alisikia moyo wake mwenyewe ukienda kama cherehani ya umeme iliyokanyagwa na mlevi.

Pa!

Walitoka nduki. Kiunzi cha kwanza, cha pili, cha tatu, Twiga anavipita kama havipo. Mama mdogo, aliyepewa kazi ya kunyamazisha watu, alikuwa ameshapanda juu ya kiti anapiga mayowe. "Kimbia mwanangu! Kimbia wewe! Wewe!" Fundi alibaki ameketi, machozi yanamtoka, kitambaa mdomoni. Kiunzi cha katikati, wako watano sawasawa. Kiunzi cha mwisho kikaja, ndugu yake yule aliyempokea mwaka jana. Fundi alitaka kufumba macho lakini yalikataa. Twiga akaruka. Akashuka salama.

Sasa zilibaki hatua chache tu. Wawili walikuwa wameshatangulia, hao basi tena. Bega kwa bega na Twiga alikuwa mwenzake mmoja, na huyo alikuwa ameanza kujitupa mbele. Twiga alikuja wima. Wima vile vile, kichwa juu, anakuja upande wa mama yake kwa kasi zote.

Na Fundi, kutoka pale alipokaa, hakuona uwanja tena. Aliona mtoto wake anakuja mbio, na mbele ya kichwa chake kuna chuma kimekatiza, sawasawa na usawa wa paji la uso. Yeye yuko kwenye kiti. Mtoto anarudi nyumbani. Kitambaa kikaruka huko.

"INAMAAA!"

Watu wa safu nne waliinama. Baba mmoja alimwagikiwa na soda. Na kule kwenye mstari, Twiga, bila kufikiri, bila hata kujua, alikunja mgongo kama alivyoukunja maelfu ya mara, kifua mbele, akapita chini ya mlango usiokuwepo.

Mama mdogo alimfinya. Kwa nguvu zote, maana ahadi ni ahadi.

"Umefanya nini! Umefanya nini tena wewe!"

"Nilidhani anagonga bomba," Fundi alisema, na akaanza kulia kwa kwikwi. "Nimemwangusha tena mwanangu. Nipeleke nyumbani."

Kwenye kioo kikubwa majina hayakuwa yametokea. La kwanza likaja, likaja la pili. La tatu likakawia, watu wanatazama picha. Fundi alijifunika uso kwa viganja. Alichosikia ni mama mdogo akipiga kelele ambayo si ya muuguzi wala ya mtu mzima, na kocha anaruka viti kutoka upande wa pili.

"Wa tatu! Kwa kifua, mama! Kifua! Nani kamfundisha? Mwaka mzima amenikatalia, leo nani kamwambia?"

"Mimi," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, baba."

Kocha alimtazama. Akalitazama bomba. Akajigusa paji la uso, pale alipogonga siku ile. Kisha akaketi chini sakafuni, akacheka mpaka akakosa pumzi.

Jioni walipandisha washindi jukwaani. Mzee wa kuvalisha medali alikuwa mfupi mno, na Twiga alikuwa anatazama bendera, machozi yanamchuruzika, hana habari. Mzee akasimama kwa ncha za vidole. Akanyoosha mikono. Akaruka kidogo. Watu wakaanza kucheka.

Fundi aliuma midomo. Akamgeukia kocha.

"Unangoja nini, mama?" kocha alisema. "Mwambie."

Fundi alivuta pumzi, akaitoa sauti yote aliyoificha mwaka mzima. Twiga aliinama hata kabla neno halijaisha, na medali ikamwingia shingoni. Alipoinuka alikuwa anacheka, anatafuta kwa macho ile sauti inatoka safu ya ngapi, na mama yake amesimama juu ya kiti, mikono juu, anapiga vigelegele, wala hakuna aliyemfinya.