Boga Lililoangusha Kisimbuzi

Kwa wiki tatu nilikuwa nakitesa kisimbuzi cha Shailaja, na kwa wiki tatu kilikuwa kinanicheka.

Kazi yangu hapa Bengaluru, India, ni kuharibu vitu vya wenzangu kabla havijawa chipu. Shailaja alikuwa amebuni hatua ya kwanza ya kisimbuzi cha video, pale biti zilizobanwa zinapofumbuliwa. Video ikibanwa, kinachotokea mara nyingi hupewa alama fupi, cha nadra hupewa alama ndefu. Nilikilisha mamilioni ya video za kubahatisha. Kikazimeza zote, wala hakikucheua.

Ikabaki siku moja tu: kesho yake jioni michoro ilitakiwa kwenda kiwandani, na fomu ya kuthibitisha kwamba haina kosa ilisubiri sahihi yangu. Mwaka jana nilitia sahihi kama hiyo, kosa moja likanipita, chipu zote zikatupwa. Tangu hapo nikiona kalamu naogopa, wala sioni haya kusema.

Na siku hiyo iliyobaki ilikuwa Ayudha Puja, sikukuu ya Kihindu ya kuvitukuza vyombo vya kazi na kuvipumzisha. Mashine yetu ya majaribio, inayoiga chipu kabla haijatengenezwa, ilivikwa shada la maua ya manjano, na ilikuwa mwiko kuifanyisha kazi mpaka kesho. Mlangoni bosi wetu, Ranganath, akapasua boga jeupe lililojazwa unga mwekundu, kufukuza husuda. Lilipasuka vibaya. Unga, mbegu, petali, moshi wa kafuri na bisi za mchele, vyote hewani kwa mpigo, na bosi akawa mwekundu kuanzia masikio mpaka soksi. Nilirekodi kwa simu huku mbavu zikiniuma kwa kicheko.

"Akka," nikamwambia Shailaja, maana kanizidi umri na ndivyo tunavyowaita dada zetu wakubwa, "tuionyeshe mashine sherehe yake."

"We mtoto, shika adabu. Leo imelala."

"Si kazi hiyo, akka. Bibi harusi hanyimwi video ya harusi yake!"

Akanipiga kikumbo. "Unadhani kisimbuzi changu kitakufa kwa kuona boga? Haya, weka. Ubora wa juu kabisa, usiibanie. Kikianguka, nakula haya maua."

Nikaweka. Bosi akatokea, akainua boga, akalibamiza chini. Picha ikaganda.

"Rudia," Shailaja akasema.

Nikarudia mara tatu. Mara zote kiliganda pale pale, petali zikiwa hewani. Nikapiga vigelegele mpaka watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuuliza nani kajifungua.

Kosa tuliliona upesi. Kila petali ilikwenda njia yake, hakuna cha kawaida hata kimoja, kwa hiyo alama ndefu zilifuatana kumi na tisa. Kihesabio cha Shailaja, kinachohesabu alama ndefu zinazofuatana, kilikuwa na nafasi ya kumi na sita tu. Nami zile video zangu za kubahatisha nilikuwa nimezipima zifanane na video za kila siku, alama ndefu ziwe chache na zikae mbalimbali. Bahati yenye adabu mno!

Shailaja akaketi sakafuni kati ya bisi. Nilidhani atalia. Akachuma ua moja kwenye shada, akalitafuna.

"Chungu," akasema, na tukacheka mpaka machozi.

Bosi akachungulia. "Nani kaifanyisha mashine kazi leo?"

"Hakuna, bosi. Ilikuwa inaangalia sherehe."

Akatutazama, uso bado mwekundu. "Basi ilale. Mtaanza asubuhi."

Asubuhi, ambayo kwa desturi yetu ni siku yenye heri ya kuanzia jambo, Shailaja alikipanua kihesabio. Nikakilisha kisimbuzi boga mara arobaini, kisha nikatengeneza video mbaya kuliko boga, alama ndefu mia mfululizo. Ikapita.

Saa kumi jioni fomu ililetwa. Nikashika kalamu, nikairudisha mezani. Shailaja akaniona. Akalivua shada shingoni mwa mashine, limenyauka, limepungua ua moja, akanivika mimi.

"Chombo chetu cha kazi ni hiki hapa," akawatangazia watu wote.

Nikatia sahihi.