Vipimo vya Bi Pole

Jina lake la kuzaliwa lipo, ila mtaa mzima ulishalisahau. Walimwita Bi Pole, maana hakuna kiumbe aliyekosa pole yake: aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyenyeshewa, hata kitambaa. Siku za mwanzo za ufundi wake alijaribu kukata mwenyewe. Alishika mkasi, akakitazama kitambaa kilivyolala mezani kizima, hakina kosa lolote, na roho ikamsuta. Tangu hapo kukata ikawa kazi ya dada yake mkubwa, ambaye roho haijawahi kumsuta kwa ajili ya pamba.

Duka lao lilikwenda hivi: Bi Pole anapima na kuita namba, dada yake, mezani nyuma ya pazia, anaandika daftarini na kukata, kisha Bi Pole anashona. Mpango mzuri, na ungekuwa mzuri zaidi kama Bi Pole angeweza kuita namba ya kweli. Mama mwenye kiuno cha sentimita mia na nne anasimama mbele yake, amebana pumzi mpaka macho yanamtoka, wateja wengine watatu wametega masikio. Utamtangazia mia na nne? Bi Pole hakuweza. "Tisini na sita!" aliita, kwa furaha ya mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Mama alishusha pumzi na kutabasamu, na nyuma ya pazia dada mtu akaongeza nane. Zamani alikuwa akichungulia kwanza. Baada ya miaka michache aliacha kuchungulia, akawa anaongeza nane kwa mazoea, kama mtu anavyotia chumvi.

Msimcheke sana. Watu walipita maduka mawili ya mafundi wazuri kwenda kwake, na walikuwa na sababu. Akikushika mabega alijua kama umelala au hukulala. Mjane mmoja alikuta mfuko mdogo umeshonwa ndani ya gauni lake, upande wa moyo, bila kuagiza, na mpaka leo anatembea na picha ya marehemu humo. Mambo ya namna hiyo hayafundishwi kwenye chuo cha ushonaji. Tatizo la Bi Pole ni kwamba alidhani moyo mwema hauwezi kukosea hesabu.

Alhamisi moja akaja Karani, yule wa dirisha la tatu pale posta. Hakuwa ameonekana kwa miezi mitano. Aliugua, akalazwa, akapasuliwa, akarudi nyumbani, na sasa Jumatatu alikuwa anarudi kazini. Alileta kitambaa cha bluu cha sare.

"Nataka gauni linikae, fundi," alisema. "Pale dirishani nitatazamwa na mji mzima. Nikionekana nimevaa nguo ya kuazima, nitageuka nirudi nyumbani."

Bi Pole alimzungushia futi kiunoni, na futi ikaendelea kuzunguka. Sabini na sita. Mwaka jana mwanamke huyuhuyu alikuwa themanini na nane. Chini ya kidole chake fundi alihisi ubavu, na machozi yakaanza kujipanga foleni. Safari hii huruma ilimtuma upande wa pili.

"Tisini na mbili!" aliita. "Mashallah, shoga, umerudi mzima!"

Nyuma ya pazia, dada mtu aliongeza nane.

Jumamosi asubuhi Karani alilivaa gauni mbele ya kioo. Lilikuwa hema. Mabega yalimfika karibu na viwiko, na kiunoni pangeweza kuingia karani mwingine na mhuri wake.

"Linapumua," alisema Bi Pole kwa sauti ndogo. "Siku hizi watu wanapenda nguo inayopumua."

Dada mtu alitoka nyuma ya pazia, akamtazama mteja kwa mara ya kwanza, kisha akamtazama mdogo wake.

"Mmeandika ngapi kiunoni?" aliuliza Karani.

"Mia," alisema dada mtu. "Yeye aliita tisini na mbili. Nane ni zangu."

"Mia sijawahi kufika hata nikiwa na mimba."

"Mwaka wa kumi na tano huu nakata kwa namba za kubuni!" Dada mtu alimgeukia mdogo wake.

"Lakini dada, si huwa zinakaa?"

"Zinakaa kwa sababu mimi sikuamini!"

Karani alivua gauni, akabaki na shimizi, akanyoosha mikono pembeni. "Nipime tena," alisema. "Uniitie nisikie."

Bi Pole alizungusha futi. "Themanini na..." alianza, akakutana na macho ya Karani, akairudia futi. Aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake. Kisha akasema, "Sabini na sita."

Hakuna aliyezimia. Karani alikaa kwenye kigoda, akashusha pumzi ndefu.

"Nyumbani wananiambia nimependeza," alisema. "Mume wangu, jirani, mpaka mama mkwe, ambaye hajawahi kunisifu tangu niolewe. Nikaanza kuogopa. Nikasema, kama wote wamekubaliana kunidanganya, basi hali yangu ni mbaya kuliko niijuavyo." Alijifuta uso. "Sabini na sita. Haya. Nimeambiwa, na bado nimekaa hapa."

Bi Pole alilia kwa sauti, mpaka ikabidi mgonjwa ambembeleze fundi.

Siku hiyo na asubuhi iliyofuata walilifumua gauni lote, wakalishona upya kwa namba za kweli. Dada mtu alitaka kukata kitambaa kilichozidi pembeni, maana kingemvimbisha mteja. Bi Pole, ambaye hajawahi kumbishia dada yake mambo ya mkasi, alikataa. Alikikunja ndani ya mishono, akakipiga pasi, akakishikiza kwa mkono sindano moja moja, mpaka kwa nje usingejua kama kipo.

Jumapili alasiri Karani alilivaa. Lilimkaa. Alikuwa amekonda, na alionekana amekonda, lakini nguo ilikuwa yake. Alijigeuza kushoto na kulia, kisha kama karani yeyote aliyezoea kukagua vifurushi, akageuza upindo na kupapasa mshono wa ubavuni.

"Na hiki chote humu ndani?"

"Cha kuongezea," alisema Bi Pole. "Ukinenepa, uje tuiachie mishono. Kinafika mpaka themanini na nane."

Karani alikipapasa tena, taratibu. "Una hakika nitafika?"

Dada mtu aliacha kukunja vitambaa. Aliyajua maneno yaliyokuwa yakimjia mdogo wake mdomoni, matamu, tayari, yenye viapo na kila kitu. Bi Pole aliyameza.

"Sina," alisema. "Ila kitambaa kipo."

Karani hakulivua gauni. Alikunja nguo aliyokuja nayo, akaitia mkobani, akatoka vilevile, ingawa Jumatatu ilikuwa bado kesho.