Gazeti la Kufungia Twiga

Mume wangu Kimanzi aliuawa Jumanne saa ya chai, na kufikia Alhamisi dunia nzima ilikuwa inajiita jina la gazeti lake. "Sisi Sote Upupu." Watu wa nchi ambazo sijui hata zinapakana na nani waliwasha mishumaa barabarani na kuinua mabango yenye maneno hayo, wengine wakikosea herufi. Marais walishikana mikono, wakatembea kidogo wakipigwa picha, wakarudi kwenye magari yao. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikiyatazama hayo yote kwenye simu ya jirani yangu Shiru. Nilichotaka ni mtu aniambie nilale.

Upupu lilikuwa gazeti dogo la vibonzo, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro, Pumwani, Nairobi. Kila Ijumaa liliwawasha watu. Liliwacheka wabunge, wachungaji, mashehe, polisi na waganga, na siku habari zilipokuwa haba lilitucheka sisi wake wa wachoraji. Vijana wawili walipanda ngazi na bunduki, wakasema gazeti limetukana dini, wakaua kila waliyemkuta. Walimuua hata Bulle, aliyekuwa ameleta chai. Bulle hakuwahi kukosa swala ya Ijumaa pale msikiti wa Majengo, na kibonzo kisipochekesha ndiye aliyewaambia wale wachoraji ukweli. Alizikwa kesho yake asubuhi, kabla dunia haijajifunza kutamka Upupu. Mkewe alipokuja kunipa pole nilimwonea wivu, Mungu anisamehe. Mumewe alikuwa ameshapumzika. Wangu alikuwa bado mochari, akingoja kamati.

Mtaani kwetu, nyuma ya soko la Burma, nilianza kusalimiwa na watu waliokuwa wakinipita kama nguzo ya stima. Mchungaji aliyewahi kuhubiri Jumapili nzima kwamba Kimanzi anachorea shetani alikuja na fulana nyeusi yenye maneno ya dunia kifuani. Fulana zenyewe zilichapishwa sokoni Gikomba. Kufa kufaana. Kijana mmoja aliyekuwa akiziuza alinifuata hadi mlangoni.

"Niaje mathe. Pole sana, buda alikuwa mnoma. Shika hii moja, yako ni ya bure."

Nilimshukuru. Ilikuwa saizi ya mtoto. Mwanangu Mwelu akaivaa kulala.

Ila mtu aliyenipa mawazo alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Ndambuki. Mzee ni mchonga vinyago. Karakana yao iko kule chini kuelekea mtoni, mabati na vumbi la mbao, na amechonga twiga tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kimanzi alikulia miguuni pake na kipande cha msasa. Akiwa mvulana alichonga ngiri mwenye kitambi na miwani ya mwenyekiti wa ushirika wao. Karakana nzima ilicheka isipokuwa mwenyekiti na mzee. Mzee alimchukua yule ngiri akamtia motoni, na tangu siku hiyo Kimanzi akahamia kwenye karatasi.

Hawakugombana, hapana. Kila Ijumaa Kimanzi alimpelekea babake rundo la Upupu, yale yaliyobaki bila kununuliwa, na mzee alipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Kisha aliyafungia twiga. Vinyago vikisafirishwa ng'ambo lazima vifungwe vizuri shingo isivunjike, na karatasi ya Upupu ilikuwa nyepesi, ya kukunjika vizuri. Nilimuuliza Kimanzi kama haimuumi.

"Iniume nini, Wacera? Sisi ndio gazeti pekee la Eastlands linalosafiri kwa ndege," akasema, akacheka.

Lakini usiku ule hakuchora kitu.

Basi kuna mtu mmoja ambaye Kimanzi alimchora kuliko wote. Mbunge wetu, Mheshimiwa Mulama. Huyu bwana hajawahi kuiona maiti akainyamazia. Mtu akifa eneo lake, awe mwanachama wake au mwizi wa kuku, atafika amechelewa na atadai maiki. Katika Upupu aliitwa Mheshimiwa Maiki, na picha yake ilikuwa ileile kila mara: mguu mmoja juu ya udongo wa kaburi jipya, tumbo mbele, mkono mmoja ukielekea mbinguni, na kidole kidogo cha mkono wa maiki kimesimama kando kama cha mtu anayekunywa chai kwa wakwe. Maneno pia yalikuwa yaleyale. "Sikuja hapa kuongea siasa." Kinachobadilika ni marehemu tu. Mtaani watoto waliigiza.

Na Kimanzi aliniambia, si mara moja, tukiwa tunakula, tukiwa tumelala, na hata siku moja tukitoka kwenye mazishi ya mjomba wake ambapo mheshimiwa aliongea mpaka mvua ikanyesha: "Nikitangulia mimi, Wacera, nakuomba kitu kimoja. Yule mtu asishike maiki."

Nilimwahidi. Nilidhani ni ahadi rahisi, kwani nani humpelekea mbunge habari kwamba mchoraji wa vibonzo amekufa?

Kamati ya mazishi ilikaa chini ya hema nje ya nyumba yetu. Mwenyekiti alikuwa Munyoki, binamu ya Kimanzi, karani wa stoo anayependa sana kusema "kwa utaratibu". Akasoma utaratibu. Ibada ya kumuaga ingekuwa uwanjani, hapo mtaani, halafu msafara uelekee kwao Makueni kwa mazishi. Wanahabari wa kigeni wangekaa kulia. Familia ingezungumza, kisha mhariri wa gazeti fulani la ng'ambo, kisha, mwisho kabisa, Mheshimiwa Mulama.

"Huyo hapana," nikasema.

Wote wakanitazama. Mjane katika kamati ni kama mgonjwa katika mkutano wa madaktari, anatajwa sana lakini haulizwi. Nikawaambia alichokitaka Kimanzi. Munyoki akajikuna kichwa.

"Mama Mwelu, tunakuelewa. Lakini mheshimiwa ameshathibitisha. Na hii si mambo ya gazeti, hii ni mazishi."

Asiyekuwapo na lake halipo. Bado ningepigana, maana nilikuwa nimechoka lakini sikuwa nimekufa. Ndipo mzee akasimama. Jioni nzima alikuwa akisugua dole gumba lake, lile lenye kovu la tezo, shoka lake dogo la kuchongea.

"Mama Mwelu," akasema, "mwanangu ameuawa juu ya duka la watu kama mwizi. Kazi yake sikuielewa. Watu waliniuliza kijana wako anafanya nini, nikawa nasema yuko ofisini. Sasa serikali inataka kuja kusimama mbele ya watu iseme alikuwa mtu. Usininyime hilo."

Ningemjibu nini? Kwamba serikali ingesimama na kujisemea yenyewe? Nikachagua aliye hai. Nilisema "Sawa, Baba," nikaingia ndani, nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, nikimwomba Kimanzi radhi na papo hapo nikimlaumu kwa kufa na kuniachia kazi ya aina hii.

Waliniachia jambo moja tu la kuamua, picha za kuweka kwenye programu ya mazishi. Ukurasa wa mbele nikaweka Kimanzi akitabasamu. Ukurasa wa nyuma, mahali pa kuweka maua na aya ya Biblia, nikaweka Mheshimiwa Maiki. Sikuwa na mpango wowote. Niliona tu kwamba kama yule mtu lazima aongee, basi na Kimanzi naye awe na la kusema.

Siku ilipofika, uwanja ulijaa mpaka kwenye paa za vyoo. Sijui kama umewahi kuuona uwanja wetu. Katikati yake kuna lundo la udongo mwekundu, refu kumzidi mtu, la mtaro wa majitaka ambao Mheshimiwa Mulama aliuzindua kabla ya uchaguzi uliopita kisha wachimbaji wakaenda nyumbani. Majani yamemea juu yake. Jeneza liliwekwa mbele ya lundo hilo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine.

Mheshimiwa alichelewa. Alifika wakati yule mhariri wa ng'ambo akitusomea Kiswahili alichoandikiwa, akapita katikati ya viti akipungia watu mkono, fulana nyeusi ya Upupu ameivaa juu ya shati na tai. Emsii akamwomba awe mfupi. Akaichukua maiki, akatazama kulia waliko wenye kamera, akaona kwamba jeneza na maua vinamziba. Basi akarudi nyuma hatua mbili, akapanda lile lundo. Mguu mmoja ukateleza, akauacha chini. Mwingine akaukita juu ya udongo. Akavuta pumzi, tumbo likaja mbele. Mkono ukapanda mbinguni.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi sikuja hapa kuongea siasa."

Uwanja ulinyamaza. Ni ule unyamavu wa kanisani mtu akitoa ushuzi. Nilisikia mtu nyuma yangu akikohoa kwa nguvu, mwingine akajifunika uso na shuka. Shiru alinishika goti akalifinya mpaka likauma. Watu wa kigeni wakainamisha vichwa kwa heshima.

Mzee alikuwa kando yangu. Alikuwa amevaa miwani yake ya kazi, na programu ameigeuza upande wa nyuma. Nilimwona akimtazama mheshimiwa, kisha karatasi, kisha mheshimiwa tena, polepole, jicho moja amelifumba, vile anavyomtazama twiga kabla ya kukata mara ya mwisho. Akapitisha ukucha juu ya mchoro, kutoka mguuni hadi tumboni hadi mkononi.

"Hata kidole," akasema, sauti ya chini.

"Baba?"

"Hiki kidole kidogo. Mwangalie. Amekipata hata kidole."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Akaipeleka programu usoni kwa mikono miwili, akajikunja kwenye kiti cha plastiki, na kicheko kikamtoka kwa ndani ndani, cha kukata pumzi, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye kola. Mzee aliyemtia ngiri motoni. Nilimshika mgongo na nikahisi mifupa yake ikiruka. Nilitamani Kimanzi amwone, na kutamani huko kuliniumiza kuliko kitu kingine chochote wiki ile. Kamera zote zilitugeukia.

Mheshimiwa aliongea kwa muda mrefu. Alizungumzia barabara.

Ile picha umeiona, kama una simu. Mzee mwenye mikono yenye makovu, uso ameufunika na karatasi, mkono wa mkwe wake mgongoni. Ilizunguka dunia kuliko mishumaa na marais. Chini yake waliandika kwa lugha nyingi kwamba baba analia. Watu waliibandika ukutani. Mwanamke mmoja wa mbali aliniandikia kwamba ameitazama akalia hadi asubuhi, na sikuwa na nguvu za kumjibu.

Tulipomaliza kumzika Kimanzi kwao na kurudi Nairobi, mzee aliniuliza wameandika nini. Nikamwambia.

"Lakini nilikuwa nacheka," akasema, kama mtu aliyeandikiwa jina lisilo lake. "Waambie. Mtu aliyefanya kazi ya kuchekesha, halafu babake aonekane analia? Waambie nilicheka."

Kwa hiyo mwandishi mmoja wa ng'ambo aliponipigia simu tena, nikamwambia. Akasema kwa upole kwamba ananielewa, huzuni ina sura nyingi, lakini mhariri wake angependa yale maneno yabaki kama yalivyo. Akanishukuru kwa ujasiri wangu. Wiki iliyofuata dunia ilipata msiba mwingine, na jina lingine la kujiita.

Sikumwambia mzee. Nilimkuta karakana siku nilipompelekea chakula, ameburuta chini kasha zima la twiga waliokuwa tayari kusafiri, na amekaa vumbini akiwafungua. Twiga walikuwa wamesimama uchi kila upande. Kila karatasi aliilaza pajani, akainyoosha kwa kiganja mpaka mikunjo itulie, akaisogeza kwenye mwanga.

"Hizi zilizotangulia huko ng'ambo," akaniuliza bila kuinua kichwa, "wamezisoma?"

"Wametupa, Baba. Kule ni karatasi ya kufungia tu."

Akatikisa kichwa, akaendelea kufungua. "Huyu ni nani?"

"Chifu."

"Na huyu?"

"Yule mchungaji wetu. Hilo alilobeba ni kapu la sadaka."

Akalitazama lile kapu kwa jicho moja. Midomo ikaanza kumcheza. Akajiinamia juu ya karatasi, mabega yakatikisika, sauti ikampanda kooni mpaka tezo zikanyamaza karakana nzima. Kijana mmoja akaja mbio na kikombe cha maji, wazee wawili nyuma yake, mmoja akisema mshikeni, mshikeni asianguke, majonzi ya mwanawe yatamuua.

"Muacheni," nikawaambia. "Anasoma gazeti."